Udongo Miguuni mwa Zuwena

Jua lilipoanza kushuka nyuma ya mabati ya Ngamiani, Mwamvua aliburuta beseni la plastiki mpaka chumba cha uani, akamimina maji ya vuguvugu, akalitafuta dodoki lililokuwa limeingia uvunguni, kisha akakalia mbuzi ya kukunia nazi, maana kigoda kilikuwa kimeazimwa na jirani na jirani mwenyewe hana habari ya kukirudisha.

"Lete miguu," alisema.

Zuwena akaleta miguu. Wa kulia ulikuwa na tope jeusi la mikoko mpaka kwenye kifundo, lile tope linalonuka yai viza. Wa kushoto ulikuwa na tope hilohilo, na juu yake mchanga mweupe na vumbi jekundu, na katikati ya kidole gumba na cha pili palikuwa na gamba la samaki. Mwamvua aliushika wa kulia kwanza, kama ilivyo suna, akaanza kusugua.

"Leo kafika Mwamkuyo tena."

"Kafika," alijibu Zuwena.

"Na njia ya shamba kaipita. Huu mwekundu si wa pwani. Hivi huyu mtoto hawezi kupita kwenye lami? Shuka zimekwisha kwa kufuliwa!"

Zuwena hakuwa ametoka nje. Ieleweke hivyo tangu hapa, maana baadaye yalisemwa mengi. Tangu mumewe Tahiri azikwe, alikuwa amekalia eda katika chumba kile, nguo nyeupe, bila wanja wala manukato, na hakuvuka kizingiti hata kuitazama mvua. Miezi minne na siku kumi ndiyo sharti. Mwamvua, shangazi yake, dada wa baba yake, aliyehamia pale kumsimamia, alikuwa mtu wa masharti. Alishawasimamia wajane wengi wa Ngamiani na Mabawa, na hapana hata mmoja aliyewahi kusemwa. Aliringia hilo jinsi wengine wanavyoringia hija.

Katika masharti ya Mwamvua, sauti ya mjane haitoki nje ya pazia. Mwanamume asiye maharimu akija, ataketi ukumbini, mjane atakaa nyuma ya pazia anong'one, na msimamizi ndiye atakayesema kwa niaba yake. Na simu nayo, kwa hesabu zake, ilikuwa mlango. "Utafungaje mlango wa mbele ukaacha mwingine kiganjani?" alisema mbele ya watu, matanga hayajaanuliwa, akanyoosha mkono. Zuwena akampa simu. Mwamvua akaitia mfukoni mwa Uweso, mdogo wake Zuwena, ambaye yake ilikuwa imeingia maji ya barafu ikafa.

Uweso alikuwa muuza barafu. Asubuhi alipakia mapande kwenye sanduku la mbao, akayafukia kwa pumba za mpunga na magunia, akalifunga sanduku nyuma ya pikipiki na kuelekea kaskazini, kwenye madiko yanakoshushwa samaki. Mwamkuyo, kijiji kidogo kuliko jina lake, ndiko walikokuwa wateja wake wazuri. Alikuwa kijana mwenye mdomo, anayemtania kila mtu mpaka shangazi yake, na tangu msiba uingie alihamia pale kwa dada yake, akilala chumba cha mbele ili nyumba isikose mwanamume.

Basi tangu simu iende kwa Uweso, kila jua likielekea kuzama miguu ya Zuwena ilichafuka. Ilichafuka kwa udongo wa kila mahali simu ilikopita siku ile. Hapakuwa na kishindo. Angekuwa amekaa na tasbihi yake, akitupa jicho chini anakuta tope limeshafika. Jioni ya kwanza Mwamvua alidhani choo kimefurika. Jioni ya pili alionja kidogo kwa ncha ya ulimi, akasema, "Hii chumvi ya Mwamkuyo," akaenda kutafuta beseni.

Kilichomkosesha usingizi hakikuwa tope, ilikuwa eda. Shekhe Abdulghani akaitwa. Aliketi ukumbini, akaletewa kahawa, akaonyeshwa shuka, akafikiri muda wa kikombe kizima.

"Eda ni ya mwanamke mzima," alisema mwishowe. "Miguu peke yake haina hukumu. Maadamu kichwa kimebaki ndani na nia imebaki ndani, eda yake sahihi. Ila aioshe kabla ya magharibi, kwa ajili ya udhu."

Mwamvua akashusha pumzi. Shekhe akaomba kikombe cha pili.

Ndani ya simu ile kulikuwa na programu ya adhana. Tahiri ndiye aliyeiweka. Shekhe mwenyewe aliisifu baada ya sala ya Ijumaa, kwa kuwa ilimaliza ubishi wa kibla uliokuwa umegawanya watu. Programu ilimwuliza Tahiri kama inaruhusiwa kujua simu iko wapi, wakati wote, isije ikakosea upande. Tahiri akabonyeza kuruhusu. Nani angekataa, jamani? Halafu akachagua sauti. Zilikuwepo nyingi, tamu tamu, yeye akachagua ya mzee mmoja mwenye mkwaruzo kooni, akasema ile ndiyo inayomwamsha. Haikupita muda, presha ikampanda, ikamchukua.

Kwa hiyo Zuwena alipotoa simu alimshika mdogo wake mkono. "Kila kitu futa ukitaka. Ile programu usiifute. Ile sauti aliichagua yeye."

Uweso hakuifuta. Na kwa kuwa sauti ilimwita kila alasiri akiwa Mwamkuyo, na msikiti uko pale nyuma ya diko, yeye aliyekuwa mvivu wa sala akaanza kuingia na kusali. Mwamvua alishukuru kwa hilo, na alisema wazi kwamba msiba mwingine huja na heri yake.

Tuseme na ukweli mwingine. Zuwena alianza kuupenda ule udongo. Mchana ulikuwa mrefu, ukuta ni uleule, na kila alipoufikiria upande wa Tahiri wa kitanda aligeuza uso. Lakini jua likishuka alikuwa na mahali alikotoka. Alichezesha vidole kwenye mchanga kabla beseni halijaja, akajua leo bahari ilikuwa imekupwa, leo Uweso amekaa kwenye majani, leo kapita Chumbageni kwa fundi, kwa sababu kuna grisi kisiginoni. Alimpenda sana yule mdogo wake. Alimlea yeye, mama yao alipofariki.

Wageni walikuja alasiri moja, wawili. Mwanamume alijitambulisha kwa jina la Godlisten, mwanamke kwa jina la Ritha, na ofisi yao waliitaja kwa herufi zisizosema kitu. Walivua viatu mlangoni bila kuambiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Mtatuwia radhi, nyumba ina msiba."

Mwamvua alidhani wameleta rambirambi. Godlisten akatoa tableti, akaiweka juu ya mkeka. Ilikuwa na ramani ya pwani kuanzia Tanga mjini mpaka kule mpakani, na juu yake madoa mekundu, mengi, yamefuatana kama siafu.

"Tunamwomba Zuwena."

"Yuko nyuma ya pazia hapo. Yuko edani. Sema, mimi ndiye nitakayekujibu."

Godlisten hakubisha, alionekana mtu aliyefunzwa kuheshimu mila. Alisema kwamba simu ya Zuwena imekuwa ikifika Mwamkuyo. Imekuwa ikiingia msikiti wa pale saa ya alasiri, siku ambazo ndani yake palikuwa na mtu akitoa darasa, na mtu huyo ofisi inamtafuta na haijampata. Kwa hiyo wanaitembelea kila simu iliyosali pale.

"Mlikuwa mkimfuata mwanangu?" aliuliza Mwamvua.

"Hakuna aliyemfuata mtu, mama," alisema Ritha. "Kumfuata mtu kunataka kibali cha mahakama. Sisi tumenunua."

Akaeleza kwa upole, kama muuguzi anavyoeleza dawa. Programu inajua simu iko wapi. Wenye programu, huko nje waliko, wanawauzia watu wa matangazo. Wa matangazo wanawauzia wakusanyaji. Wakusanyaji wanazipanga vizuri nyayo za watu, wanazifunga kama bidhaa, na serikali yoyote yenye haja inakwenda sokoni. Majina hayamo. "Hayamo kabisa," alisisitiza, "siri ya mtu inalindwa. Sisi tunaona tu simu fulani inalala nyumba hii kila siku, ndipo tukauliza mtaani nani analala nyumba hii na simu ni ya nani, tukatajiwa Zuwena."

"Msikiti wa Mwamkuyo hauna upande wa wanawake," alisema Mwamvua.

"Hilo halikuwemo kwenye tulichonunua," alisema Godlisten.

Ritha akaomba kuingia nyuma ya pazia, kwa kuwa yeye mwanamke. Alimkuta Zuwena kitandani, miguu chini. Jua lilikuwa linashuka, na tope lilikuwa ndiyo kwanza linafika, linapanda taratibu kutoka kwenye nyayo. Ritha aliinama, akaliangalia, akaangalia na tableti yake. Akangoja kidogo. Doa moja likasogea kwenye ramani, na vumbi jekundu likajitandaza juu ya tope.

"Zinakwenda sawa," alisema, akatoka. Ukumbini akamwambia mwenzake, "Udongo wa Mwamkuyo. Anao miguuni."

Godlisten alitikisa kichwa kukubali. Alisema hilo ni zuri, ila kwa utaratibu lazima mhusika aseme kwa kinywa chake jambo moja. Je, ni yeye mwenyewe aliyekuwa akienda Mwamkuyo, au simu alikuwa nayo mtu mwingine?

Zuwena alisikia vizuri nyuma ya pazia. Alijua akisema ni yeye, Ngamiani nzima itasema. Watasema sanda ya Tahiri haijapata vumbi na mkewe yuko kwenye madiko na wavuvi. Wakwe zake hawatamtazama usoni, na hata kuomboleza kwake kutakuwa uwongo machoni pa watu. Hilo lilimuuma kwelikweli, kwa sababu hakuna alichokuwa amebaki nacho cha Tahiri ila ile eda. Lakini alijua pia habari ya mtoto wa mzee Rama wa Chumbageni, aliyeitwa kuhojiwa kidogo na ofisi ya herufi kama zile, na mama yake mpaka leo anampakulia chakula, kinapoa, anawapa kuku. Mjane wangemhoji wakachoka. Uweso wasingemrudisha.

Hakufikiri sana. Aliweka mdomo kwenye pazia, nyuma ya bega la shangazi yake.

"Waambie ni mimi," alinong'ona. "Waambie nilikuwa natoroka."

Mwamvua alijiweka sawa juu ya mkeka. Zuwena aliuona mgongo wake kupitia kitambaa, umenyooka kama wa mtu anayepigwa picha.

"Shangazi. Waambie ni mimi."

"Anasema," alitamka Mwamvua, kwa sauti ya kuwafikia hata majirani, "anasema hajavuka kizingiti tangu amzike mumewe. Eda yake haina doa, na atakayesema vinginevyo aje aniambie mimi. Simu anayo mdogo wake. Uweso, muuza barafu."

Mimi na wewe pengine tungelirarua lile pazia. Zuwena alifumbua kinywa apige kelele kwamba si kweli, lakini sauti iliyozoea kunong'ona miezi yote ile ikatoka kama mnong'ono, ikaishia kwenye kitambaa. Alipojaribu mara ya pili, wageni walikuwa wamesimama wanashukuru.

"Poleni sana na msiba," alisema Ritha, akivaa viatu.

Wakaenda kungojea garini, pale kona. Uweso akaja na pikipiki yake na sanduku tupu, akapiga honi kumsalimu Benedikta, jirani muuza machungwa, akamwambia machungwa yake machachu kama maneno yake. Benedikta alikuwa bado anacheka alipoona mlango wa gari unafunguliwa. Walimchukua Uweso na simu yake. Pikipiki waliiegemeza vizuri ukutani, na sanduku likaendelea kudondosha maji kwenye vumbi.

Ndani, Mwamvua alikuwa ameshaleta beseni.

"Umemuuza, shangazi," alisema Zuwena.

"Nimekulinda wewe."

"Umemuuza Uweso."

"Hajafanya kosa. Mtu akienda kusali ni kosa? Watamuuliza, atawachekesha, watamwachia. Lete miguu."

Zuwena hakuleta miguu. Akalala na tope lake, na asubuhi shuka ilikuwa na ramani nzima ya njia ya kaskazini.

Kituo cha polisi walisema hawana mtu wa jina hilo. Ofisi ya herufi ilisema alihojiwa akaachiwa siku ileile. Simu ilipopigwa ilisema haipatikani. Lakini jioni, jua liliposhuka, miguu ya Zuwena ilichafuka kama kawaida. Mwamvua aliwaza kidogo kuhusu hilo, maana simu ilikuwa imezimwa, halafu akasema miguu imeshamzoea.

Safari hii ilikuwa saruji, vumbi jembamba la kijivu, na unga wa kutu.

Kuanzia siku ile udongo haukuoshwa kabla ya kutazamwa. Zuwena aliweka miguu juu ya kanga safi karibu na dirisha, Mwamvua akavaa miwani, na hawakuwa wakizungumza jambo lingine. Saruji. Saruji tena. Kisha jioni moja zikaja nyuzi fupi, nyeupe, zimejisokota vidoleni, zina mafuta, na harufu ya kitu kilichooza zamani kikakauka. Wakamwita Benedikta aangalie. Baba yake alikuwa amekuja Tanga toka mbali kukata mkonge, na yeye alizaliwa kambini huko. Benedikta alichukua uzi mmoja, akauviringisha juu ya paja, akaunusa.

"Mkonge wa zamani huu," alisema. "Na haya mafuta ni ya mashine. Ni lile ghala la njia ya Muheza, shamba lililofungwa. Paa ndilo limebaki." Kisha akajipiga ishara ya msalaba, maana ghala lile alilijua lilivyo na giza.

Mwamvua alifunga nyuzi zile kwenye pindo la kanga, akavaa baibui, akaenda ofisini. Godlisten alimpokea kwa heshima zote, akamwagizia soda.

"Mwanangu yuko kwenye ghala la mkonge, njia ya Muheza," alisema Mwamvua, akafungua pindo. "Huu hapa. Umetoka miguuni mwa dada yake jana jioni."

Godlisten aliutazama uzi bila kuugusa. "Mama yangu, huu ni uchafu tu."

"Juzi mlisema ni ushahidi. Yule mwenzako aliinama akauona, akasema unakwenda sawa."

"Ulikwenda sawa na tulichonacho sisi. Chetu kina chanzo."

"Chanzo gani?"

"Tumenunua."

"Na mimi nimeupata bure, ndilo kosa langu?"

Godlisten alifikiri, akasema si kosa, ila haupokeleki. Akamwambia amalizie soda.

Benedikta, kwa hasira zake, alichukua baiskeli akaenda mwenyewe mpaka kwenye shamba lile. Alikuta lango kuukuu lenye kufuli jipya. Mtu mmoja alitokea akamwuliza anataka nini, akasema anatafuta mchicha pori. Yule mtu akamwambia pale hapana mchicha na hapana mtu. Akarudi. Jioni hiyo nyuzi za mkonge hazikuja. Ulikuja udongo mweusi wa mfinyanzi, mzito, wa mahali pengine kabisa.

"Wamemhamisha," alisema Zuwena. "Wamemhamisha kwa sababu tumekwenda kutazama."

Hawakwenda tena kutazama popote. Walikaa na udongo. Watu wa mtaa walipita jioni kuuliza hali, kama wanavyompitia mgonjwa, wakichungulia mlangoni: leo yuko wapi? Zuwena aliwaonyesha. Wengine walitaja mahali, wengine walibisha, wakaondoka na kuendelea na maandazi yao. Shekhe Abdulghani naye alipita, akatazama kimya. Ijumaa iliyofuata alihutubia juu ya subira na juu ya usafi wa mwili, na juu ya watu wanaochukuliwa hakusema neno. Zuwena alipohadithiwa alikasirika, na hakumpelekea tena kahawa.

Halafu ikaja jioni ambayo mguu wa kulia ulikuwa na udongo na wa kushoto haukuwa nao. Ulikuwa msafi kabisa, mkavu, umevimba kidogo kwenye kifundo. Mwamvua aliugeuza huku na huku karibu na dirisha. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Haukanyagi," alisema.

Ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, mwanamke aliyewanyamazisha wajane wengi, akaupakata ule mguu msafi kama mtoto, akisema, "Mwanangu haukanyagi mguu, wamemfanya nini, Uweso wangu mie." Zuwena alimtazama na hakumwambia pole. Baadaye kidogo alimwekea mkono kichwani, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kuuweka.

Siku ya kumtoa edani wakaja wanawake wengi kuliko walivyokuwa wakija tangu msiba. Samiha, wifi yake, dada wa marehemu, alileta udi na kanga mpya, doti nzima, na kila aliyeingia alimpa Mwamvua mkono. Eda kama hii, walisema, haijaonekana Ngamiani siku nyingi. Safi. Haina la kusemwa. Mwamvua aliitikia kwa kichwa tu. Walimwogesha Zuwena kwa maji ya waridi, wakamsuka, wakamfukiza, na Samiha akapiga goti na dodoki ili amalizie.

"Miguu acheni," alisema Zuwena.

"Wifi, utatokaje na miguu hii? Tope la jana mpaka leo?"

"Acheni hivyohivyo."

Samiha alimtazama Mwamvua, ambaye ndiye mwenye masharti. Mwamvua alimnyang'anya dodoki, akalitupa dirishani.

Wakatoka wawili, Mwamvua na Zuwena, mwavuli mmoja. Zuwena alivuka kizingiti bila viatu, ananukia udi, wanja machoni, kanga mpya inaita, na chini mguu mmoja una tope jeusi na mwingine hauna kitu. Wenye baiskeli walimpisha. Walikwenda moja kwa moja mpaka kwenye ofisi isiyo na kibao, na mlangoni wakamkuta mlinzi, anaitwa Noa, kijana mwenye adabu, aliyewaamkia shikamoo wote wawili.

"Mama," alimwambia Zuwena, akimwonyesha zulia la mlangoni, "futa miguu ndiyo uingie. Ndani pamepigwa deki."

"Hiki ndicho nilichowaletea," alisema Zuwena. Sauti ilikuwa imemrudia, na ilisikika mpaka ndani.

"Naelewa, mama. Ila bila kufuta hairuhusiwi."

"Nifute nini? Huyu ni mdogo wangu. Niache mdogo wangu kwenye zulia?"

Noa alisema hana amri juu ya hilo. Akaingia kuuliza. Godlisten akatokea ngazini, akawasalimu, akampongeza Zuwena kwa kumaliza eda salama, akaitazama miguu yake muda mrefu kuliko mtu anavyotazama uchafu. Kisha akasema ofisi haina mtu wa jina hilo, na kwamba kama wanapenda kungoja, benchi lipo pale kivulini. Akamwambia Noa awape maji.

Wakangoja. Ofisi ilipofungwa wakarudi nyumbani. Jioni udongo ukaja, na asubuhi Zuwena akautembeza kwa miguu yake mpaka kwenye benchi. Na siku ya pili yake hivyohivyo. Noa alizoea kumwuliza kila asubuhi kama leo atafuta, na yeye alizoea kujibu kwamba hafuti. Upande wa kushoto ulirudi kukanyaga, kidogo, kwa nje ya unyayo, na siku hiyo Mwamvua alinunua halua akamgawia hata Noa. Kuna wanawake wengine waliokaa benchi lile. Mmoja alitoka Mabawa, mumewe dereva wa lori. Alipomwona Zuwena, alivua kandambili zake taratibu akamwonyesha nyayo zake, za kijivu mpaka visiginoni. Wakasogeleana.

Jumatatu hii iliyopita udongo ulikuja mkavu, mweupe, mwepesi kama unga. Benedikta hakuutambua, Mwamvua aliuonja hakuutambua, na hata wazee wa mtaani waliofika mpaka Handeni na Lushoto walitikisa vichwa. Zuwena alikwenda nao kwenye benchi kama kawaida. Saa ya kufunga ilipofika Devota, mfagizi wa ofisi, akaja na ufagio wake na kizoleo, akakuta unga ule umetapakaa chini ya benchi.

"Samahani, dada," alisema Devota. "Nyanyua miguu kidogo."

Zuwena akanyanyua miguu.